Mteja Mwenye Bunduki

Mkono wa Fundi Miwani bado uko kwenye komeo. Wiki nzima mmemwacha hapo, wasomaji, mkaenda zenu kula na kulala, naye amesimama nyuma ya mlango wa chuma wa duka lake, kaka yake mkubwa kajikunyata chini ya meza ya kazi, na huko nje mtu anagonga.

"Fungua, mke wa Dereva. Najua umo."

Sauti aliijua. Hakukumbuka ni ya nani, lakini aliijua, kama mtu anavyoujua wimbo akasahau maneno.

"Usifungue!" Kaka alinong'ona kutoka chini ya meza. "Ukifungua, mama atafanya matanga mawili kwa mpigo."

"Nisipofungua atavunja."

"Na avunje! Mlango ni wa mwenye nyumba."

Fundi Miwani akafungua.

Mtu akainama, akapita chini ya mlango uliopandishwa nusu, kisha akaushusha mwenyewe nyuma yake. Amelowa chapachapa. Kwapani amebana kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye koti la mvua. Alipoinua uso, Fundi Miwani alitaka kucheka kwa nafuu aliyoipata.

"Posta! Umenitoa roho!"

"Samahani, Fundi. Siku hizi ukigonga taratibu watu wanadhani ni upepo."

Alikuwa mleta barua wa mtaa. Miaka yote hiyo, tangu Fundi Miwani afike mji ule akiwa binti mwanafunzi asiyejua hata kuomba maji kwa lugha ya wenyeji, Posta ndiye aliyemletea barua za mama yake. Hakuzitia kwenye kisanduku cha chini. Alipanda ngazi zote akazikabidhi mkononi, kwa sababu, alisema, barua iliyosafiri mbali namna ile haiwezi kutupwa sandukuni kama ankara ya umeme. Ndiye aliyemfundisha kusema "asante" bila kuchekesha watu.

"Toka, Kaka," Fundi Miwani alisema kwa lugha ya kwao. "Ni mleta barua."

Kaka akatoka kinyumenyume, akapiga kichwa kwenye ukingo wa meza, akatukana, akajikung'uta vumbi kwa heshima zote za ofisa wa forodha. Mtu mkubwa, mwenye tumbo la mbele na sauti ya kuitia mizigo. Alikuwa amefunga safari kutoka kwao kuja kumchukua mdogo wake, na alikuja na masanduku mawili ya magurudumu. Moja lilijaa nguo zake. La pili lilikuwa tupu, la kutilia maisha ya mdogo wake.

Mpaka asubuhi hiyo lilikuwa bado tupu.

"Anataka nini huyu?" Kaka aliuliza. Lugha ya mji hakuijua hata chembe.

Posta alikuwa ametoa leso mfukoni na kuifungua juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na miwani, au kilichobaki cha miwani: kioo kimoja hakipo, cha pili kimepasuka, mkono mmoja umekatika.

"Jana tulisukumana na watu," alisema. "Bila hii mimi ni kipofu, unajua mwenyewe. Naiomba sasa hivi, Fundi."

"Anataka miwani," Fundi Miwani alimwambia kaka yake.

"Miwani!" Kaka akashika kiuno. "Mji unazama, watu wanauana, mtu anataka miwani! Mwambie tumefunga. Mwambie mwenye duka anaondoka leo na basi la ubalozi."

Hilo basi ndilo lililokuwa wimbo wake. Mvua zilipouvunja ukingo wa mto, bonde lote la chini lilimezwa na maji, na watu wake wakapanda mitaa ya juu na magodoro vichwani. Wiki ya kwanza walipewa blanketi. Ya pili walipewa matusi. Baada ya hapo vikaja vizuizi barabarani, halafu mapanga, halafu bunduki ambazo hakuna aliyejua zilitoka wapi. Sasa ubalozi wa kwao ulikuwa umetangaza mabasi ya kuwatoa wageni, yakiondokea kwenye uwanja wa mpira upande wa pili wa daraja. Kaka alikuwa amepanga foleni, amegombana, amepigiwa muhuri. Vibali viwili vilikuwa mfukoni mwake, naye alivipapasa kila baada ya sentensi mbili.

Kulikuwa na mawili tu yaliyokwamisha. La kwanza, mume wa Fundi Miwani, Dereva wa gari la wagonjwa, hajaonekana nyumbani tangu juzi na simu yake haishiki. La pili, daraja lenyewe. Juu ya paa la jengo moja karibu na daraja alikaa mdunguaji aliyewapiga risasi kwa mbali waliovuka, na redio ilimwita Jicho. Hakuna aliyewahi kumwona.

"Nitamtengenezea, Kaka. Si kazi kubwa."

"Sikio la kufa," Kaka akasema, akakaa juu ya sanduku lake.

Umeme haukuwapo. Fundi Miwani akawasha taa ya betri, akamkalisha Posta kwenye kiti cha kupimia, akamvisha fremu nzito ya majaribio. Ukutani palikuwa na ubao wa herufi. Posta aliisoma ya juu kabisa, ile kubwa kama dirisha, kisha akaishiwa.

"Macho yameshuka," Fundi alisema, akibadilisha lenzi moja baada ya nyingine. "Sasa? Na sasa? Nitakuwekea na sehemu ya kusomea?"

"Ya kusomea ya nini? Hakuna barua tena. Niwekee ya mbali tu."

"Mbali kiasi gani?"

"Niweze kuona mpaka ng'ambo ya daraja."

Vidole vya Fundi Miwani vikasimama kwenye shavu la mteja wake.

Koti la mvua lilikuwa limeegemezwa kwenye kiti. Limelegea, na pembeni kikachungulia kitako cha mbao, kimezeeka, kimeng'aa kwa kushikwa. Posta aliona Fundi anakotazama.

"Ya babu yangu," alisema kwa upole, kama mtu anayeonyesha saa ya ukutani. "Alikuwa akiwindia. Haina darubini. Inategemea macho ya mtu."

"Anasemaje?" Kaka aliuliza.

"Anasema mvua ni kubwa."

Jicho! Mtu ambaye mtaa mzima ulipita ukutaukuta kwa hofu yake, ameketi kwenye kiti chake, miguu imekutana, mikono magotini, kama mtoto aliyepelekwa kunyolewa.

"Posta," alisema polepole, kwa lugha ya mji. "Wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Siku ukingo ulipovunjika, watu wa bondeni walikimbilia darajani. Wale wa ng'ambo wakafunga geti. Unalijua lile geti? Mke wangu alikuwa upande wa chini. Tulimkuta keshokutwa yake, bado ameshika chuma chake. Ilibidi tumfungue vidole kimoja kimoja." Hakupandisha sauti. "Basi nikasema: kama wao wanajua kufunga daraja, na mimi najua."

Fundi Miwani alimjua yule mama. Alimwuzia miwani ya kushonea. Alitaka kusema pole, lakini pole gani unampa mtu mwenye bunduki? Akageuka, akaenda kwenye droo za lenzi.

Alifikiri haraka. Mumewe anapita kwenye lile daraja na gari lake. Wauguzi wanapita. Na yeye hapa ndiye anayeombwa amrudishie Jicho jicho lake! Hasira zilimpanda. Hasira za mji, za mvua, za simu isiyoshika, za kaka aliyekaa pale anapapasa mfuko. Hapo akatenda jambo ambalo hajawahi kulitenda tangu ajifunze kazi. Alitoa lenzi hafifu. Si hafifu sana, hapana, angeshtukiwa. Hafifu kiasi cha mtu kusoma herufi ndani ya duka na kushukuru, lakini akifika juu ya paa, ng'ambo ya daraja ibaki ukungu.

Akalowesha jiwe la kunolea, akaanza kuisugua lenzi kwa mkono ili iingie kwenye fremu. Krr, krr, krr.

"Leo alfajiri nimepiga gari," Posta alisema nyuma yake.

Krr.

"Gari gani?"

"Jeupe. Au la kijivu, sijui. Lilitoka ng'ambo mbio. Bila miwani magari yote mimi naona ni bonge la pamba."

Jiwe likanyamaza.

"Lilikuwa na taa juu?"

"Sikuona."

"Lilipiga king'ora?"

"Mvua ilikuwa inapiga bati, Fundi. Ungenipigia tarumbeta sikioni nisingesikia. Limesimama pale pale katikati. Mkubwa wetu anasema ni la askari, limejaa silaha, nilimalize. Nikamwambia siwezi kumaliza nisichokiona. Tukagombana. Nikaja kwako."

Fundi Miwani aliitazama ile lenzi kwenye vidole vyake. Ilikuwa safi, nzuri, haina kosa isipokuwa lile alilolichagua yeye. Akaona ujinga wake wote kwa pamoja. Mtu huyu hakumpiga adui. Alipiga bonge la pamba! Ukimnyima macho hatashuka kwenye paa. Atapiga tu mabonge ya pamba mengine.

Akaitupa lenzi kwenye pipa la taka. Akafungua droo nyingine, akatoa zilizo sawa.

"We! Mbona unaanza upya?" Kaka akaruka kutoka kwenye sanduku. "Basi litatuacha!"

"Niache nifanye kazi."

"Basi, mdogo wangu! Basi!"

"Basi, basi, basi!" Fundi Miwani akamgeukia na lenzi mkononi. "Tangu uingie nyumbani kwangu hujasema kitu kingine! Umewahi kuuliza mume wangu yu hai? Umewahi kuuliza mimi hapa nimeishi vipi? Umekuja na sanduku tupu kama mtu anayekuja kuhamisha stoo!"

"Niulize nini? Mimi mama haniulizi mji wako una ngazi ngapi za mawe na njiwa wangapi! Ananiuliza: umempata? Mmefika kiwanja cha ndege? Kila siku! Halafu mimi nimjibu nini? Kwamba binti yako anawapimia macho majambazi?"

"Nani kakwambia ni jambazi?"

"Mimi miaka yangu yote niko forodhani. Lugha sijui, lakini uso wa mtu aliyeficha kitu naujua." Akanyoosha kidole kwenye koti la mvua. "Na ule si mwavuli."

Posta aliwatazama wawili hao wakifokeana kwa lugha asiyoijua. "Anasema nini ndugu yako?"

"Anasema ana haraka."

"Ana haki," Posta akasema. "Nikimaliza nitawapitisha kizuizini. Kwa ajili ya zile barua."

Jiwe liliimba, maji yakachuruzika mezani, lenzi ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia. Fundi Miwani aliifuta kwa kitambaa, akamvisha mteja wake kama alivyomvisha miaka yote, akasawazisha nyuma ya masikio kwa vidole viwili.

Posta akapepesa. Akamtazama.

"Umezeeka, Fundi."

"Sote. Nenda mlangoni."

"Herufi..."

"Achana na herufi. Nenda mlangoni utazame unachotaka kukiona."

Akapandisha mlango wa chuma. Mtaa ule ulishuka moja kwa moja hadi mtoni, mawe yake yameng'arishwa na mvua. Fundi Miwani alikuwa ameupenda tangu siku ya kwanza, alipoteremka na begi moja na anwani isiyosomeka, na kila aliyemuuliza njia akaamua kumsindikiza. Sasa maduka yote yalikuwa yamefungwa, na chini kabisa, nyuma ya matairi na makochi ya kizuizi, lilionekana daraja.

Posta alisimama muda. Kisha akachuchumaa, akashika kizingiti.

"Nisomee," Fundi Miwani alisema. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali. "Nisomee kilichoandikwa ubavuni."

"Ni gari la wagonjwa."

"Mlango?"

"Nini?"

"Mlango wa dereva! Una rangi gani?"

"Kijani."

Gari zima jeupe, mlango mmoja wa kijani. Ulitoka kwenye gari la muuza mboga, baada ya ajali. Fundi Miwani alikuwa akimtania mumewe kwamba anabeba wagonjwa na sukuma wiki.

Alikimbia.

Hakuchukua mwavuli wala ufunguo. Nyuma yake alisikia kitu kizito kikiwekwa kwenye kaunta, halafu vishindo vya viatu, na Posta akampita kwa mikono mitupu. "Nitangulie mimi! Wewe hawakujui!" Na nyuma ya Posta yalikuja magurudumu ya sanduku yakigongagonga mawe, na sauti ya Kaka: "Sasa ndiyo! Ng'ambo! Twende!" Maskini, alidhani hatimaye wanakwenda kwenye basi.

Kizuizini vijana wawili wenye mapanga walinyanyuka.

"Jicho! Mkubwa anauliza vipi."

"Mwambieni Jicho limeona," Posta akasema, akasukuma kochi pembeni kwa mguu.

Mto ulikuwa umepanda hadi kwenye tumbo la daraja. Maji ya rangi ya kutu yalipita na mlango wa kabati, na jokofu lililolala chali, na kuku mmoja juu ya ubao aliyesimama kwa kiburi kama amenunua tiketi. Gari lilikuwa limekaa upande, tairi moja la mbele limeshuka, kioo kimetoboka. Fundi Miwani akaushika ule mlango wa kijani akauvuta kwa nguvu zake zote.

Dereva alikuwa ndani. Paja lake limefungwa mkanda, suruali imekauka damu. Macho yalikuwa wazi, na yaliwaka.

"Nani kakwambia uje huku?" alifoka.

"Na wewe nani kakwambia usipige simu?"

"Simu imekufa!"

"Simu yako imekufa tangu siku ya harusi!"

"Nimekwambia mara ngapi, panda basi nenda kwenu, mimi nitakufuata! Unaona hapa pana nini? Unaona?"

"Naona mjinga ameketi kwenye damu yake anamfokea mkewe!"

Akampiga ngumi ya kifua. Kisha akaweka kichwa pale pale alipompiga, na Dereva akamshika kisogo.

Kaka akafika, anahema, sanduku limeng'oka gurudumu moja.

"Shemeji," Dereva akasema kwa lugha ya kwao. Aliijua kidogo, alijifunza kwa ajili ya mkewe, na alikosea kila neno la tatu. "Shemeji, sanduku unapeleka wapi?"

"Kwenye basi. Uwanja wa mpira."

"Basi gani?"

"Basi la ubalozi, bwana! Saa tisa!"

Dereva akafunga macho. "Fungua nyuma."

Kaka akazunguka, akafungua mlango wa nyuma. Kwenye machela alilala mtu mwenye suti, shati limelowa damu, akikoroma kwa shida. Kaka alimtazama, akamtazama tena.

"Huyu... huyu ndiye aliyenipigia muhuri."

"Walivamiwa leo alfajiri," Dereva alisema. "Watu walilala pale uwanjani kungoja. Mabasi yamechomwa yote. Huyu nimemwokota mlangoni, nikawa nampeleka hospitali upande wenu. Halafu shetani mmoja akanipiga nikiwa katikati ya daraja."

Kaka alikaa juu ya sanduku lake palepale kwenye mvua. Akavitoa vile vibali, akavitazama vikiloa, wino ukitambaa. "Nimepanga foleni siku mbili," alisema, hakuna aliyemwuliza. "Siku mbili nimesimama. Nimetukanwa na mlinzi. Nimemwambia mama tunakuja." Halafu ofisa wa forodha, mwenye sauti ya kuitia mizigo, akafunika uso kwa mikono miwili kama mtoto.

Fundi Miwani hakupata nafasi ya kumpa pole. Kutoka milimani king'ora kikaanza kulia.

Kila mtu mjini alikijua. Kilikuwa king'ora cha bwawa, na maana yake ilikuwa moja: ondokeni mtoni. Kikinyamaza tu, wanafungulia maji.

"Nani anaweza kuendesha?" Dereva akauliza. "Mguu wangu haukanyagi kitu."

Fundi Miwani hakujua. Kaka kwao alikuwa na dereva wa ofisi.

"Mimi," Posta akasema. "Niliwahi kuendesha gari la vifurushi."

Alikuwa amesimama nyuma yao muda wote, kofia mkononi. Dereva akamwona sasa, uso ukamfunguka.

"Posta! Na wewe umekuja? Ingia, ndugu yangu, ingia!"

Kaka akatupwa nyuma pamoja na mgonjwa. Fundi Miwani akamsogeza mumewe katikati, yeye akakaa dirishani, na Posta akakamata usukani uliokuwa na damu. Gari likaunguruma, likageuka, likaanza kujikokota kuelekea upande wa nyumbani, chuma cha gurudumu kikilia juu ya daraja. Ulikuwa mwendo wa konokono. King'ora kiliendelea.

"Mungu akubariki," Dereva alimwambia Posta. "Mji umeingia wazimu, lakini watu bado wapo. Nilikuwa namwambia mke wangu kila siku: watu bado wapo."

Fundi Miwani alitazama maji. Aseme? Asiseme? Mbele kulikuwa na kizuizi, na baada ya kizuizi hospitali, na mumewe anavuja damu. Akasema moyoni, tufike kwanza. Mengine yatasemwa watu wakiwa hai.

"Lakini yule aliyenipiga," Dereva akaendelea, "nikimjua, wallahi, mguu huu huu mbovu nitamwendea. Nilitoa mkono dirishani. Nilipunga kitambaa cheupe, Posta! Mtu haoni kitambaa?"

Mikono ya Posta ilitetemeka kwenye usukani. Dereva akaitazama, akadhani ni baridi, akaushika mmoja kumtia moyo. Akauleta puani.

Wasomaji, mtu huyu kwa miezi alikuwa amebeba waliopigwa risasi na waliopiga. Harufu ile haikumpotea.

"Posta," alisema taratibu. "Mikono yako inanuka baruti."

Gari likasimama. Posta alizima injini mwenyewe, akauchomoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha Dereva na kukifunga kwa vidole vyake.

"Ni mimi," akasema. "Sikukuona. Nilikuwa sioni. Sasa amua wewe. Nirudishie ufunguo nikufikishe, au niambie nishuke, nami nitashuka nibaki hapa na maji."

Mvua ilipiga paa. Dereva hakumtazama Posta hata kidogo. Aligeuza shingo polepole upande wa pili, kwa mkewe, na alipouliza aliuliza kwa lugha ya kwao mkewe, ile aliyojifunza kwa mapenzi na kukosea kila neno la tatu. Safari hii hakukosea hata moja.

"Ulijua?"

Fundi Miwani alifungua mdomo. Alikuwa na maneno, aliyatafuta, yalikuwa mengi mno na yote marefu.

Lakini nyuma yao, kwenye kidirisha cha mgonjwa, palikuwa na uso mpana uliolowa machozi na mvua, uso wa mtu aliyechoka kufichwa mambo kwa lugha za watu.

"Si kujua tu, shemeji," Kaka akasema. "Bunduki yake aliiona. Na hiyo miwani aliyovaa, kamtengenezea yeye. Leo hii. Mbele ya macho yangu."

Na huko milimani, king'ora kikanyamaza.